Bibi yangu alilifagia jumba hili, mie nataka kuliandikia historia yake

BARUA

Asalaam alaykum Bi Mshauri, na shikamoo.

Nina umri wa miaka 29, mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Nimeajiriwa ukarani wa hesabu kwenye ofisi moja ya umma. Kazi ni ya kudumu na mshahara, ingawa mdogo, haukosi kuingia. Kwa mshahara huo namlipia mdogo wangu ada ya chuo na namnunulia mama dawa za presha. Naanza na hayo ili ujue kwamba ninachokuuliza hakinihusu mie peke yangu.

Tangu nikiwa skuli ya msingi, bibi yangu mzaa mama alikuwa akinichukua Ijumaa jioni tukavuka Darajani kuingia Mji Mkongwe. Hatukuwa tukienda kununua kitu. Alikuwa akisimama mbele ya jumba moja la ghorofa tatu, anauweka mkono juu ya mlango wa nakshi, halafu ananisimulia. Ngazi ya tatu ilimeguka na watoto wakijikwaa hapo. Jiko lilikuwa uwani. Chumba cha mwisho kushoto, juu, ndimo bibi mwenye nyumba alimokuwa akifukiza udi. Bibi yangu alifanya kazi humo tangu kigori hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Kabla yake, mama yake naye alikuwa humo. Na nyanya yake, yaani bibi wa bibi yangu, alikuwa mjakazi wa watu hao hao. Hili la mwisho bibi alilisema mara moja tu, tukiwa tunachambua mchele, na hakulirudia mpaka alipofariki.

Nadhani hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Leo nina madaftari 11. Nimeandika vipimo vya vyumba, majina ya waliopanga, nani alirithi na nani aliuza, na waliyoniambia mafundi kuhusu chokaa na boriti. Nimeshazungumza na wazee zaidi ya ishirini. Disemba 25, 2020, niliposikia Beit al-Ajaib imeanguka nilikwenda mbio kama walivyokwenda wengine. Jumba alilolijenga Sultani wetu wa zamani, Sayyid Barghash, mwaka 1883, upande wa mbele umelala chini pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wamepoteza maisha. Nilisimama pale nikijiuliza kama kuna mtu aliyewahi kuandika majina ya waliozisimamisha zile nguzo. Siku ile niliamua kwamba nataka kuwa mwanahistoria wa majumba ya kale, iwe ndiyo kazi yangu ya kunilisha.

Mwaka huu nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya mambo ya urithi katika chuo kikuu kimoja Bara. Ufadhili sikupata. Ofisini kwangu wamenijibu kwa mdomo tu kwamba nikiondoka nisitegemee kukuta nafasi yangu.

Sasa sikiliza kilichonivuruga. Miezi mitatu iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka Muscat, mtu mzima wa makamo, Kiswahili chake cha Unguja safi kuliko changu. Ni mjukuu wa wenye jumba lile. Familia yao wamekubaliana na wanaolimiliki sasa kulitengeneza liwe nyumba ya wageni, na wanataka iandikwe historia yake, kitabu pamoja na maelezo ya kutundikwa ukutani. Mtembeza wageni mmoja alimpa jina langu. Tulipopanda ngazi alifika ile ya tatu akaniambia, "Hapa baba yangu alipasuka kidevu." Nikamwambia hiyo ngazi naijua. Akaniuliza naijuaje, nikamtajia jina la bibi. Bi Mshauri, yule bwana alikaa chini pale pale akalia. Bibi ndiye aliyemlea baba yake. Akasema, "Bibi yako alikuwa kama mtu wa nyumbani kwetu." Mpaka leo sijui maneno yale yaliniingia kwa furaha au kwa uchungu.

Wanataka niandike mie. Malipo yanatosha ada yangu ya miaka miwili na kitu cha kubaki nyumbani. Lakini wiki mbili baadaye nikaletewa masharti. Neno "mtumwa" lisitumike popote, waandikwe "wasaidizi na wafuasi wa nyumba". Na mambo ya 1964 wataandika wao wenyewe aya moja, mie nisiiguse.

Mama nilipomweleza alisema, "Jumba lilimla bibi yangu, likamla mama yangu, sasa na wewe unalipelekea ujana wako?" Rafiki zangu wananiambia hayo ni majumba ya wenyewe, mtoto wa Ng'ambo yanamhusu nini. Kuna mmoja aliyeniambia nichukue pesa, niandike wanachotaka, nikasome, halafu ukweli niuandike baadaye.

Nina mwezi mmoja wa kukijibu chuo, na bwana yule anasubiri. Je, niache kazi? Nichukue kazi yao? Au niyafunge madaftari yangu, nikubali kwamba haya ni mapenzi tu na si maisha?

Binti wa Ng'ambo


JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kuliko kawaida. Mara ya kwanza niliisoma kama mshauri, na mara ya pili nikaisoma kama mtu ambaye naye alishikwa mkono na bibi akaonyeshwa mahali. Niruhusu nikurudishie kwanza nilivyokuelewa, na nikikosea unisahihishe. Una kazi inayowalisha watu watatu. Una hamu ya kazi nyingine ambayo haijakuahidi chochote. Umeletewa fedha ambazo zingeweza kukuvusha kutoka ya kwanza hadi ya pili, lakini zimefungwa na sharti linalomgusa bibi yako kaburini. Mambo haya yamesukwa pamoja kama ukili, ndiyo maana ukivuta uzi mmoja yote yanakaza. Mimi nitajaribu kuyafumua kidogo kidogo.

Nianze na mama yako, kwa sababu naona umemweka upande wa wanaokupinga, na mimi sina hakika kama yuko huko. Yasome tena maneno yake. Hakusema historia haina maana. Alisema jumba lile limekula wanawake wawili wa ukoo wenu na anaogopa wa tatu. Huyo ni mtu anayeijua historia ya jumba kwa mwili wake. Umewahi kumhoji? Umeniandikia wazee zaidi ya ishirini, lakini sikuona mahali uliposema mama yako ni mmoja wao. Yeye ni binti wa mwanamke aliyetoka mlango ule Januari 1964. Alilelewa na bibi yako baada ya siku zile, na kuna mambo atakuwa aliyaona au kuyasikia ambayo hayamo katika daftari hata moja. Huenda ukimkalia chini na daftari mazungumzo yenu yote yakabadilika. Huenda pia akakataa kusema, na hiyo ni haki yake.

Sasa hilo la "mtoto wa Ng'ambo yanamhusu nini". Nasema hapa kwa nguvu kidogo, unisamehe. Ng'ambo haikuota yenyewe upande wa pili wa maji. Ardhi yake nyingi ilikuwa mikononi mwa matajiri waliokuwa na majumba ya mawe, na baadhi yao waliiweka wakfu ili watumwa wao waliowaacha huru wapate pa kukaa. Baadaye wenye ardhi walipokaza kudai kodi, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa, ule mgomo wa mwaka 1928, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Nani basi aandike habari za jumba lile akaacha kuvuka Darajani? Mtu anayekaa Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, atauona mlango na nakshi zake. Wewe unajua aliyekuwa akiufungua alfajiri alikuwa ametoka wapi.

Na ndani ya jumba lenyewe, ukianzia chini, mambo ni hayo hayo. Wewe umepima vyumba, kwa hiyo unajua kwa nini ni vyembamba na virefu: boriti ya mkoko ina kikomo chake, na upana wa chumba unafuata urefu wa mti. Huo mti kuna aliyeukata na kuuburuta kwenye tope. Matumbawe kuna aliyeyachimba. Chokaa kuna aliyekesha akichochea moto wake. Sakafu za juu zilipigwa kwa vibao siku nyingi, watu wamejipanga mstari wakiimba ili mikono iende pamoja. Majumba mengi ya Mji Mkongwe ghorofa ya chini iliwekwa bidhaa na watumishi, wenyewe wakakaa juu kwenye upepo. Mwanahistoria anayeanzia sebuleni anakuwa ameshairuka nusu ya nyumba. Wewe umeanzia jikoni, uwani. Sisemi hilo linakufanya uwe bora kuliko wengine, ila usikubali kuambiwa umeingia kwa mlango usio wako.

Nakuja kwa yule bwana wa Muscat, na hapa nataka twende taratibu.

Umenukuu maneno yake, "kama mtu wa nyumbani kwetu", na ukasema hujui yalikuingia vipi. Nadhani kinachokuchoma ni hilo neno "kama". Bibi yako alilala katika nyumba ile, alilea watoto wake, aliijua ngazi iliyomeguka, na bado alibaki kuwa "kama". Lakini machozi ya yule bwana nayo sioni sababu ya kuyatilia shaka. Yanaweza kuwa kweli na lile "kama" likawa kweli vile vile. Nakuomba usiharakishe kuchagua moja kati ya hayo mawili. Historia ya majumba haya imejaa watu waliopendana na kutumikishana chini ya dari moja, na kama kuna kitu utaweza kuwapa wasomaji wako ambacho wengine wamekikwepa, nadhani ni hicho.

Nikuulize pia: una hakika masharti yale ni yake? Ulikaa naye ngazini akawa mtu mmoja, na wiki mbili baadaye ukaletewa karatasi. Kati ya siku hizo inawezekana kulikuwa na kikao cha familia, na familia kubwa huwa na wakubwa wake. Hilo la 1964, usisahau kwamba wenzetu nao waliondoka na maiti mioyoni. Kuna waliouawa, kuna waliotoka na nguo walizovaa, na kuna waliolelewa kwa hadithi ya nyumba ambayo hawakuwahi kuiona. Mtu anapokuambia "aya hii nitaiandika mwenyewe", inaweza kuwa anaficha. Inaweza pia kuwa anaogopa kidonda chake kisiandikwe na mkono wa mgeni. Mambo hayo mawili hayajibiwi kwa namna moja.

Neno "mtumwa" ni jambo jingine, na hapa sitakuficha kwamba sharti lao limenishtua. Si kwa sababu ya ukali wake, bali kwa sababu haliwezekani hata kwa upande wao wenyewe. Chukua Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 zinakadiria kuwa katika kasri la Mtoni waliishi watu wapatao 1,000. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi, watu wa milima ya Kaukasi, aliyetekwa akiwa mtoto. Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Utumwa haukukaa ghorofa ya chini peke yake, ulipanda hadi kitandani kwa masultani na ukazaa wafalme. Ukilifuta neno hilo katika historia ya jumba kubwa la Unguja, unawafuta pia mabibi wa wenye jumba. Sijui kama familia hiyo imelitazama hivyo. Pengine hakuna aliyewahi kuwaambia kwa upole, na pengine wewe, kwa sababu ya ile ngazi ya tatu, ndiye mtu pekee wanayeweza kumsikiliza.

Hili si letu peke yetu. Kule Marekani, Monticello, nyumba ya Rais Jefferson, kwa miaka mingi wageni walionyeshwa ubunifu wa mwenye nyumba na si zaidi. Mwaka 1993 walianza kukusanya masimulizi ya vizazi vya watu waliokuwa watumwa pale, wajukuu na vitukuu, watu wenye nafasi kama yako, na masimulizi hayo yameigeuza namna nyumba inavyoelezwa. Uingereza nako, shirika la National Trust linalotunza majumba ya mabwana wa zamani lilitoa ripoti mwaka 2020 ikitaja majumba na maeneo 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Kelele zilizofuata hazikuwa ndogo, na walioitayarisha walishambuliwa magazetini. Nakutajia yote mawili kwa sababu kazi unayoitaka ina heshima yake na ina matusi yake, na matusi hayatoki upande mmoja. Kwetu wapo watakaokuambia unafukua makaburi, na wapo watakaokuambia unawasafisha mabwana.

Sasa tuseme ukweli wa riziki.

Umeandika unataka kuwa mwanahistoria wa majumba ya kale iwe ndiyo kazi ya kukulisha. Mwanangu, tangazo la kazi lenye jina hilo sijaliona. Wanaoifanya kazi hiyo kwetu utawakuta wamevaa majina mengine: mhifadhi wa makumbusho, mtunza nyaraka, mhadhiri, ofisa wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, msanifu majengo, mtembeza wageni mwenye leseni, mtafiti wa mkataba katika mradi wa ukarabati. Nafasi za kudumu ni chache na wenye nazo hawaondoki haraka. Miradi huja na fedha za wafadhili, na fedha zikiisha nayo huisha. Shahada ya uzamili itakufungulia baadhi ya milango hiyo, sikatai. Lakini ukiacha ajira leo, uwe umejiandaa kwamba baada ya miaka miwili unaweza kurudi na cheti kizuri ukakaa mwaka mwingine ukisubiri, na dawa za mama hazisubiri.

Hapo hapo nikuulize swali la upande wa pili. Ni nani aliyekuambia kwamba mpaka upate shahada ndipo utakuwa mwanahistoria? Nimezungumza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya nyaraka miaka mingi. Nilimsomea sehemu ya barua yako bila kutaja lolote la kukutambulisha. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa shahada. Aliuliza, "Anasoma hati za Kiarabu?" Kwa sababu hati za mauzo na wakfu za majumba yale nyingi ziko kwa Kiarabu, barua za Kiswahili cha zamani ziko kwa herufi hizo hizo, na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Kihindi viko kwa Kigujarati. Hapo Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, kuna makaratasi ya mahakama na ya ubalozi wa Kiingereza yanayorudi nyuma hadi karne ya 19. Mzee akasema waliosoma historia wapo, wanaoweza kuisoma hati ya Kiarabu iliyoliwa pembe na mchwa ni wa kuhesabu. Wewe umekulia chuoni na msahafu, herufi unazijua. Na ukarani wako wa hesabu usiudharau. Nusu ya maisha ya jumba imo kwenye daftari za matumizi, mchele kiasi gani, mafuta kiasi gani, nani kalipwa na nani hakulipwa. Mwanahistoria anayezisoma hesabu bila kuchoka ni hazina.

Basi njia zilizopo mbele yako nazionaje?

Ukichukua fedha kwa masharti yao kama yalivyo, utasoma, na nyumbani hapatakuwa na njaa. Rafiki yako anasema ukweli utauandika baadaye. Mimi naogopa hiyo "baadaye". Kitabu kitakuwa na jina lako, na siku utakapoandika kinyume chake utaulizwa uliamini lipi, pesa au bibi. Pia sina hakika wewe utalala vipi. Wapo watu wanaoweza kuandika kwa kuagizwa wakaiacha kazi ofisini. Barua yako hainionyeshi mtu wa namna hiyo, ingawa mimi nakujua kwa kurasa nne tu.

Ukiikataa moja kwa moja, utakuwa umemlinda bibi yako kwa namna moja. Kwa namna nyingine, jumba litaandikiwa na mtu mwingine, mwenye kalamu nyepesi zaidi, asiyemjua aliyeishika ngazi ile. Hilo nalo lina uzito.

Katikati pana nafasi ambayo sijaona kama umeijaribu: kurudi kwa yule bwana. Si kwa karatasi, bali kwa miguu, au kwa simu kama ameshaondoka. Unaweza kumwambia kwamba kuna mambo unaweza kuyaacha na kuna maneno huwezi kuyabadilisha. Kutoandika jambo fulani, na ukasema wazi mwanzoni mwa kitabu kwamba hukuliandika, si sawa na kuliita kwa jina la uongo. Labda wataridhika uandike jengo tu: ujenzi, mafundi, vyumba, milango, hadi mwaka mnaokubaliana, na aya yao ya 1964 itiwe saini na wao wenyewe kama ushahidi wa familia. Labda watakubali jina la bibi yako na la mama yake yaandikwe ukutani pamoja na ya wengine. Lolote mtakalokubaliana liwe kwa maandishi, na humo ielezwe kwamba madaftari yako na masimulizi ya wazee ni mali yako. Hatari yake ni kwamba wanaweza kukasirika na ukakosa vyote, hata ule uhusiano mwororo uliozaliwa ngazini. Ukienda, nenda ukijua hilo.

Kuhusu chuo, umeshakiuliza kama nafasi yako inaweza kuahirishwa mwaka mmoja? Vyuo vingi huruhusu. Na ofisini, uliomba likizo ya masomo bila malipo kwa barua, au uliuliza ukajibiwa kwa mdomo tu? Jibu la mdomo halina nguvu, liwe zuri au baya. Mdogo wako amebakiza muda gani amalize? Kama ni mwaka mmoja, hesabu yako ya mwakani si hesabu ya leo. Lakini naiona pia hatari ya kuahirisha: mwaka huzaa mwaka, na nimepokea barua nyingi kutoka kwa watu wa miaka 50 waliosema "mwakani". Wewe ndiye unayejijua kama ukingoja unaiva au unapoa.

Kuna jambo moja tu ambalo halihesabiki kwa ada wala mshahara, nalo ni umri wa wazee wako. Chuo kitakuwepo ukiwa na miaka 35. Wale ishirini na kitu uliozungumza nao hawatakuwepo wote, na mama yako ana presha. Kwa hiyo, kazi utakayoamua kuacha au kuishika, kusikiliza kwako kusisimame hata wiki moja. Madaftari yote 11 yapige picha ukurasa kwa ukurasa, nakala umwekee mtu unayemwamini nje ya nyumba yenu, maana unajua unyevu na mchwa wa Unguja.

Swali lako la mwisho, kama haya ni mapenzi tu na si maisha, nimeshindwa kulijibu. Nililigeuzageuza nikaona sikuwa na haki nalo. Ila nimegundua kitu katika barua yako. Umeeleza jiko, udi, ngazi na mlango. Bibi yako alikuwa akilala wapi ndani ya jumba lile hujasema. Labda hukujaaliwa kumuuliza, labda hakutaka kukuambia. Mama yako anaweza kuwa anajua.

Niandikie ukishazungumza naye.